Kuvuta Pumzi, Kuvuta Uradi

Wiki hii twaomba kuzungumza na mama zetu na bibi zetu, pamoja na wanaoishi nao nyumba moja, juu ya jambo ambalo sisi wenyewe tulilikosea nyumbani mwetu.

Umri wa mama yetu mzazi umepita miaka 80. Mwezi wa Shaaban uliopita tuligundua kuwa tasbihi yake imelala chini ya mto siku nyingi. Hata kwenye ratibu tunayoisoma nyumbani baada ya Magharibi alikuwa haji tena, akisema amechoka. Tukadhani ni uzee tu. Tulipoketi naye na kumuuliza, alijibu kwa haya: "Mwanangu, nyinyi mwenda mbio. Nikifika katikati ya tahlili pumzi imekwisha, nanyi mmeshaingia nyengine. Naona naliharibu jina la Mungu."

Kauli hiyo ilituuma, maana anayeiongoza ratibu hiyo ni sisi.

Tulipokuwa chuoni utotoni, tukishindana nani ataisoma Ayatul Kursiyyu kwa pumzi moja. Mshindi alitoka macho yamemtoka, na maalimu akimrudisha aisome upya kwa vituo vyake. Bibi Ummu Salama (R.A.) ndiye aliyeeleza kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akikata kisomo chake aya baada ya aya, akisimama mwisho wa kila moja, hadithi hiyo wameipokea Abu Daud na Tirmidhi. Basi mzee anayesimama ili apumue hajapunguza kitu. Na lugha yetu yalijua hilo zamani: twasema kuvuta pumzi, na twasema kuvuta uradi.

Mtu mzima aliyetulia hupumua kiasi cha mara 12 hadi 20 kwa dakika. Umri ukisogea, mbavu hukakamaa na msuli ulio chini ya mapafu hudhoofu, hata maneno yaliyotosha pumzi moja jana leo hayatoshi. Mwaka 2001 watafiti wa Italia waliwapima watu 23 wakisoma tasbihi ya Kikatoliki kwa Kilatini, wakaona pumzi zimeshuka hadi karibu 6 kwa dakika na mapigo ya moyo yametengenea. Dhikri haingojei kuthibitishwa na maabara. Twalitaja hilo kwa ajili ya vijana wetu, ambao hawasadiki kitu mpaka kipimwe.

Sasa baada ya Magharibi twakaa kimya kwanza, mgongo umeegemea ukuta, mabega yamelegea. Pumzi huvutwa kwa pua, polepole, bila neno. Inaposhushwa ndipo hutamkwa La ilaha illa Llah, mara moja, kwa sauti ya chini. Kisha tunaingoja nyengine ije yenyewe, bila kuilazimisha. Ratibu yetu ni ile ya Imam Abdallah bin Alawi Al-Haddad wa Tarim, aliyefariki mwaka 1720. Hatukuipunguza hata neno. Tulichopunguza ni mwendo. Na kipimo cha mwendo ni mama: hatuingii tahlili ya pili mpaka tusikie ushanga wake umegonga.

Wako waliotuuliza kama haya si mambo ya yoga. Pumzi peke yake si ibada, wala hatumwekei mtu idadi ya kupumua. Ibada ni dhikri. Pumzi ni kipando chake, na kipando kilichozeeka hakichapwi. Ila mzee ambaye pumzi humbana akilala chali, au anayevimba miguu, au anayeumwa na kifua, huyo apelekwe hospitali kwanza. Kumwambia avute uradi atapoa ni kumdhulumu.

Mama hajarudi kwenye hesabu zake za zamani, na hazitaji tena. Ratibu yatuchukua karibu hadi adhana ya Isha. Juzi wajukuu walinung'unika kuwa mkate wa mofa unapoa. Bibi yao akawaambia waufunike kwa kawa, akavuta pumzi, nasi tukangoja ushanga.