Kwa nini chanjo ya HPV hutolewa mapema?

Tangu Tanzania ianze kutoa chanjo ya HPV nchi nzima mwaka 2018, tunaulizwa kwa nini hupewa wasichana wadogo. Jibu limo ndani ya seli.

Humo mna protini iitwayo p53, inayozuia seli yenye DNA iliyoharibika isigawanyike. Kwa kawaida haidumu: hubandikwa yubikwitini, protini ndogo iliyo alama ya kuvunjwa. DNA ikidhurika, p53 hupachikwa fosfeti, ikanusurika kuvunjwa na kuanza kazi.

Aina hatari za HPV huvuruga utaratibu huo. Protini yao, E6, hutumia kimeng'enya cha seli yenyewe kuibandika p53 yubikwitini hata inapohitajika. Mlinzi akishaondolewa hivyo, saratani ya mlango wa kizazi yaweza kuzuka miaka mingi baadaye. Chanjo huzuia virusi kuingia; vikishaingia, haiwezi kuvitoa.