Kupunguza Uzito Bila Kujilaumu

Wilaya ya Lushoto, katika Milima ya Usambara, huvuna viazi mviringo, maharage, mahindi, ndizi, kabichi na plamu, na mboga zake hufika hadi Dar es Salaam. Hata hivyo, mgonjwa wa presha au kisukari anaposhauriwa kupunguza uzito, huenda akaanza kukitazama chakula hichohicho kama adui. Akila wali arusini, hujiona ameharibu kila kitu: leo hula kupita kiasi, kesho hujinyima, keshokutwa huanza upya. Wengine huacha kliniki kwa kuona haya.

Ieleweke kwamba hamu ya kula si udhaifu wa tabia. Uzito unapopungua, homoni ya leptini, inayoujulisha ubongo kuwa akiba ya mafuta inatosha, hupungua. Grelini, inayochochea njaa, huongezeka. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, vijana 36 wenye afya njema walijitolea kula takriban nusu ya mahitaji yao kwa wiki 24. Waliwaza chakula mchana na usiku. Baadhi walivunja masharti, kisha wakajilaumu vikali. Haukuwa ulafi, bali mwili ulidai haki yake.

Basi lengo liwe dogo na la kudumu. Kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito, yaani kilo 4 hadi 8 kwa mwenye kilo 80, huweza kushusha presha na sukari ya damu. Viazi vya kuchemsha, maharage, mboga nyingi na tunda ni mlo mzuri. Tofauti kubwa huletwa na mafuta, kwani kijiko kimoja kikubwa kina kalori zipatazo 120. Aliyezidisha leo asifidie kwa kufunga, bali arejee mlo wake wa kawaida. Anayetumia insulini ajihadhari zaidi, kwa kuwa kuruka mlo kunaweza kushusha sukari kwa kiwango cha hatari.

Mhudumu wa afya naye achunge kauli. Swali "Kwa nini umekula tena?" humfundisha mgonjwa kuficha. Afadhali aulize: "Mama, wiki hii mlo upi ulikuwa mgumu kuupima?" Akumbuke pia kwamba katika jamii zetu anayekonda hushukiwa kuwa anaumwa, hivyo familia ielezwe mapema. Mgonjwa asiyeogopa kusema alichokula ndiye anayeweza kusaidiwa.