Selenidi ya Bati: Fuwele Inayogeuza Joto Kuwa Umeme

Selenidi ya bati ni muungano wa bati na seleni. Ni nusukipitishi kinachoweza kugeuza joto kuwa umeme bila injini wala kifaa chochote kinachozunguka. Bati lenyewe hupatikana katika vilima vya Kyerwa, wilaya ya Tanzania iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, kwenye ukanda wa miamba wa Karagwe-Ankole unaoendelea hadi Uganda, Rwanda na Burundi.

Jiwe linalochimbwa huko ni kasiteriti, yaani oksidi ya bati. Wachimbaji wadogo hulitoa kwa sululu na chepe, huliponda, kisha huliosha. Kwa kuwa kasiteriti ina uzito wa karibu mara 7 ya maji, mchanga mwepesi huchukuliwa na maji na punje nyeusi hubaki chini. Katika tanuri, kaboni huiondoa oksijeni na bati likabaki.

Dalili kwamba joto linaweza kuzaa umeme ilionekana zamani. Mwaka 1821 Thomas Johann Seebeck, mwanasayansi wa Ujerumani, aliunganisha metali mbili na kupasha moto ungio moja; sindano ya dira iliyokuwa karibu ikasogea. Ilikuja kufahamika kwamba tofauti ya joto husukuma elektroni kutoka upande wa moto kwenda upande wa baridi. Ugumu ni kwamba metali zinazopitisha umeme vizuri hupitisha joto vizuri pia, hivyo tofauti hiyo hupotea upesi. Ubora wa mata inayogeuza joto kuwa umeme hupimwa kwa namba iitwayo ZT. Teluridi ya bismuthi, inayotumika sana, hufikia takriban 1.

Mwaka 2014, timu ya Mercouri Kanatzidis katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, ilitangaza kwamba fuwele moja nzima ya selenidi ya bati ilifikia 2.6 kwenye nyuzi 650 za Selsiasi. Atomi zake zimejipanga kwa matabaka yenye viungo legevu, na mitetemo inayobeba joto hufifia humo kabla ya kufika mbali.

Fuwele nzima, hata hivyo, ni ghali kuikuza na hupasuka kirahisi. Unga wake ulioshindiliwa ni imara zaidi, lakini kwa miaka kadhaa ulivujisha joto. Chanzo kilikuwa utando mwembamba juu ya punje: oksidi ya bati, inayopitisha joto zaidi ya mara 100 kuliko selenidi. Watafiti wa Seoul na Northwestern walisafisha bati kwanza, kisha wakaupitishia unga gesi yenye haidrojeni ili kuondoa oksijeni iliyosalia. Mwaka 2021 walitangaza ZT ya takriban 3.1 kwenye nyuzi 510. Oksijeni ileile inayoondolewa tanurini ili kupata bati ndiyo iliyopaswa kuondolewa tena maabarani.

Kazi iliyobaki ni kuizuia selenidi isishike oksijeni upya inapotumika kwenye moto, na kuiunganisha na nyaya bila kupoteza umeme. Hayo yakitimia, joto linalopotea kwenye ekzosi za magari, viwanda na majiko ya kuni litaweza kuzalisha umeme mwingi zaidi kuliko sasa.