Mhina: Kichaka cha Uani Kinachostahimili Kiangazi

Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Katika maeneo ya Malindi na Kilifi, kauli hii ina maana ya moja kwa moja kwa mwenye bustani. Masika hufikia kilele mwezi Mei, vuli hunyesha kidogo, kisha upepo wa kaskazi hukausha ardhi kati ya Desemba na Machi. Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 hadi mapema 2023 uliwaathiri mno wakazi wa bara ya kaunti hiyo, hasa Ganze na Magarini. Palipokosekana maji ya kunywa, nani angemwagilia maua? Jibu moja limo katika nyua za Waswahili tangu jadi: mhina.

Mhina, ambao Linnaeus aliupa jina la Lawsonia inermis mwaka 1753, ni kichaka chenye majani madogo ambayo kwa kawaida hudumu mwaka mzima, ingawa kiangazi kikali huweza kuyapukutisha. Maua yake ni meupe au ya rangi ya maziwa, yenye petali nne na harufu nzuri. Kwa mintarafu ya lugha, hina ni neno lenye asili ya Kiarabu. Kiswahili kililiongezea kiambishi m- cha miti, kama ilivyo katika nazi na mnazi.

Mhina huoteshwa kwa mbegu au kwa vipande vya matawi. Mbegu ni ndogo sana na ganda lake ni gumu, hivyo hulowekwa kwa siku kadhaa, maji yakibadilishwa kila siku, kisha husiwa juujuu katika kitalu chenye unyevu. Aghalabu vipande vya matawi huwa rahisi zaidi: hukatwa urefu wa sentimita 15 hadi 20 na kupandwa mwanzoni mwa masika, ili mizizi ishike kabla ya kaskazi. Mahali pafaapo ni penye jua na pasipotuama maji. Mchanga na udongo wa mawe ya matumbawe hauudhuru. Mche mchanga huhitaji kumwagiliwa na kuwekewa matandazo. Ustahimilivu ni sifa ya mti uliokwisha kuota mizizi mirefu, si ya mche wa juzi.

Kuhusu kupogoa, mwenye mti hana budi kuchagua. Maua huchanua kwenye ncha za matawi. Anayekata mara kwa mara hupata majani mengi na ua lililoshonana, lakini hukosa harufu. Busara ni kukata upande mmja na kuuacha wa pili uchanue.

Majani hukaushwa kivulini, hutwangwa, huchekechwa na kukandwa kwa maji ya ndimu. Rangi yake hushikamana na ngozi na kutoa wekundu wa kahawia. Hapa ndipo faida ya mti wa nyumbani inapodhihirika. Piko nyeusi ya madukani huwa na parafenilinidiamini, kemikali ya kutia nywele rangi ambayo huweza kuleta malengelenge na makovu inapopakwa ngozini. Hina safi haitoi weusi wa papo hapo. Hata hivyo, nayo isipakwe watoto wachanga, kwani wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD wanaweza kuvunjikiwa na chembe nyekundu za damu.

Mnamo Desemba 2024, UNESCO iliiingiza hina katika orodha ya turathi zisizoshikika kwa niaba ya nchi 16 za Kiarabu, Oman ikiwa mojawapo. Kenya haikuwamo. Hilo halimzuii bibi harusi wa Malindi kupambwa, lakini linakumbusha kuwa turathi hudumu kwa kutunzwa. Kipande kimoja cha tawi, kikipandwa mvua za kwanza zinaponyesha, ni mwanzo wa kutosha.