Biashara Inakwenda, Pesa Siioni

"Mwalimu, biashara inakwenda, ila pesa siioni." Kauli hii naisikia karibu kila ninapofundisha wajasiriamali wadogo hapa Dar es Salaam. Safari hii aliyeitoa ni mama mmoja anayeuza chapati Manzese. Nikamwomba tupige hesabu ya jana yake palepale, kwenye kipande cha boksi.

Unga kilo mbili 4,000, mafuta 2,500, mkaa 1,500, chumvi na karatasi za kufungia 500. Jumla 8,500. Zilitoka chapati 24 za shilingi 500, yaani 12,000. "Si umeona? Faida 3,500," akasema, na wenzake wakaitikia.

Zote 24 ziliuzwa? Akacheka. Tatu watoto walinywea chai kabla ya shule. Mbili alichukua fundi pikipiki wa jirani, atalipa Jumamosi. Zikabaki 19, taslimu 9,500. Toa 8,500, inabaki 1,000. Na kibaraza anacholipia 15,000 kwa mwezi hakikuwamo kwenye hesabu; kigawe kwa siku 30, ni 500 nyingine. Akabaki na 500, bei ya chapati moja, na ameamka saa kumi alfajiri.

Hakuibiwa wala hakurogwa. Chapati zote alizopika aliziita mauzo, na mfuko wa biashara ndio huohuo wa nyumbani. Sisi wakufunzi nasi tuna lawama hapa. Mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani (wanawake 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2), imetufanya tukimbilie kufundisha mchanganuo wa biashara, maana ndio unaodaiwa ofisini. Mtu anaandika makadirio ya miaka mitatu, na ya jana hayajui. Mafunzo ya Shirika la Kazi Duniani ya kuboresha biashara yana somo zima la kutunza kumbukumbu na jingine la kukokotoa gharama. Ningeanza na hayo mawili, mchanganuo ungoje.

Vifaa havina gharama kubwa. Daftari la kaunta lenye safu nne: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Madeni yawe na ukurasa wake. Chapati za watoto ziandikwe kwa bei ya kuuzia kama matumizi ya nyumbani. Hakuna anayewanyima, ila zionekane. Wateja wanaolipa kwa simu wapewe Lipa Namba, isiwe laini ileile anayotumiwa na ndugu zake.

Hesabu ikishakaa sawa, maamuzi huja yenyewe. Kupandisha bei hakuwezekani, kwani jirani yake naye anauza 500. Lakini moto tayari umewaka na wateja tayari wamesimama, kwa hiyo chai ya rangi inamwongezea majani, sukari na maji tu. Kodi na sehemu kubwa ya mkaa chapati zimeshabeba. Unga nao anaweza kuchangia kiroba cha kilo 25 na mwenzake badala ya kupimiwa kilo mbilimbili dukani.

Wiki mbili baadaye alileta daftari. Chai ilikuwa na safu yake, watoto walikuwa wameshuka kutoka chapati tatu hadi mbili, na fundi pikipiki alikuwa anadaiwa 4,500.