Misuli mikubwa pekee haimpi mwanamke ushindi

KWA miaka mingi wakazi wa Singida wameshuhudia warembo wa Miss Singida wakiwania tiketi ya Miss Tanzania. Shindano la wanawake watunisha misuli, hata hivyo, huamuliwa kwa vigezo tofauti kabisa.

Katika daraja la ‘fiziki’, lililoidhinishwa na shirikisho la kimataifa la mchezo huo, IFBB, mwaka 2012, mshiriki hupanda jukwaani peku, akiwa na vazi la vipande viwili. Hugeuka robo robo mbele ya majaji, kisha huonyesha mikao minne ya lazima. Viganja huachwa wazi. Ngumi ni za wanaume.

Majaji hutazama uwiano wa mabega, kiuno na mapaja, hali ya ngozi na namna mshiriki anavyojiamini. Misuli iliyopita kiasi humshusha! Kila jaji humpangia nafasi, na mwenye jumla ndogo ndiye mshindi.

Ugumu uko kwenye vazi. Mwishoni mwa mwaka 2014 Miss World ilitangaza kuondoa kipengele cha vazi la kuogelea. Fiziki haiwezi kufanya hivyo, kwani mwili wenyewe ndio mtihani, na binti wa Singida anayeutamani mchezo huu ana mazungumzo marefu ya kufanya nyumbani kabla ya kunyanyua chuma cha kwanza.