Kadi Imejaa, Picha Hazionekani

Mwezi wa Agosti, katika miaka ya shufwa kama 2022 na 2024, meza yangu ya ufundi hapa Mbale, Uganda, hujaa memori kadi. Ni msimu wa imbalu, tohara ya Wamasaba, inayofunguliwa rasmi Mutoto. Wapiga picha hushinda huko wakirekodi vijana waliopakwa unga na wachezaji wa ngoma ya kadodi. Baadaye wengine hupanda gari kupitia Tirinyi na Iganga hadi Jinja, kwa mwenzao mwenye Mac ya kuhariri video. Kadi ikirudi Mbale huchomekwa kwenye kompyuta ya Windows kibandani, na hapo ndipo matatizo huanza.

"Fundi, kadi yangu ya giga 32 haina kitu, lakini kamera inasema imejaa," kijana mmoja aliniambia. Kibanda alikotangulia kwenda kilikuwa kimemshauri aifomati. Nikamwomba asubiri kidogo. Nilipoiagiza Windows ionyeshe vilivyofichwa, ilijitokeza folda iitwayo .Trashes, ndani yake nyingine yenye jina 501, na ndani ya hiyo video zote alizodhani amezifuta Jinja. Mac haikuwa imezifuta. Ukifuta kitu kwenye kadi, Mac hukihamishia katika pipa la taka lililomo ndani ya kadi hiyohiyo, na nafasi hairudi mpaka umwage pipa kadi ikiwa bado imechomekwa. Linux nayo hufanya hivyo mara nyingi, katika folda ya .Trash-1000. Windows, kwa kadi kama hizi, kwa kawaida hufuta moja kwa moja. Humo pipani tulikuta pia klipu mbili alizozifuta kwa bahati mbaya: mdogo wake akiwa amesimama mbele ya ngariba, mikono juu, bila kupepesa macho. Angefomati na kuanza kurekodi upya, zingepotea kabisa.

Nukta ile mwanzoni mwa jina ina historia yake. Katika siku za mwanzo za Unix, mfumo uliozaliwa maabara za Bell nchini Marekani, programu ya kuorodhesha mafaili ilitakiwa kuruka alama mbili tu: nukta moja, yaani folda uliyomo, na nukta mbili, yaani folda ya juu yake. Aliyeiandika akachukua njia fupi: iruke kila jina linaloanza na nukta. Rob Pike, mmoja wa wahandisi wa Bell, ameeleza kwamba hapakuwa na mpango wowote wa kuficha mafaili. Mac, Linux na Android zimerithi desturi hiyo.

Windows haijali nukta; yenyewe hutazama sifa za faili. Kwenye kadi ya FAT32, kila faili lina angalau mstari mmoja wa baiti 32 katika orodha ya kadi, na baiti moja ya mstari huo huandikwa sifa: limefichwa, ni la mfumo, haliandikiki. Ukibadilisha biti moja tu, faili hutoweka machoni ingawa halijasogea hata kidogo. Virusi vya shotikati hutumia mlango huu. Huzipa folda zako sifa ya kufichwa na ya mfumo, kisha huweka shotikati zenye majina yaleyale. Usizibofye. Kama kadi imesomwa kwa herufi E, fungua dirisha la amri uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na folda zitarudi. Halafu safisha virusi kwa programu ya kinga, pamoja na kompyuta ulikovipata.

Mafaili na folda nyingine zilizofichwa hazina madhara. System Volume Information ni folda ya Windows, na LOST.DIR ni ya Android. Mafaili yenye majina yanayoanza na nukta na kistari cha chini, kama ._wimbo.mp3, huwekwa na Mac kwa sababu FAT haina mahali pa kutunzia maelezo yake ya ziada. Mara nyingi kila moja lina kilobaiti 4 tu. Redio nyingi za gari huyahesabu kuwa nyimbo, ndiyo maana dereva anasikia kimya kati ya wimbo na wimbo na kuilaumu spika. Yafute bila hofu, mradi wimbo wenyewe usiuguse.

Kuyaona yote ni rahisi. Kwenye Mac bonyeza Command, Shift na nukta. Kwenye Linux nyingi ni Ctrl na H. Kwenye Windows washa Hidden items katika menyu ya View, kisha katika mipangilio ya folda ondoa alama inayoficha mafaili ya mfumo, maana virusi hujificha nyuma yake.

Ndugu zangu mafundi wa Main Street kule Jinja na wa Kumi Road hapa Mbale, mteja akileta kadi "tupu", tazameni kwanza nafasi iliyotumika. Ikisoma giga 29 na dirishani hamna kitu, msifomati. Picha zake huenda bado zimo.